Mama wa Kwenye Fomu

Bima ya mazishi niliikata mwenyewe, kwa akili zangu timamu, katika ofisi ya walimu pale Nkwenda, wakati wa chai. Kijana aliyekuja kutuuzia alivaa tai siku ya jua kali, na kwenye folda yake kulikuwa na picha ya familia nzima inacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini, maana bima yenyewe ni ya kufa.

Akatueleza: mwanachama, mwenza, watoto wanne, wazazi wawili. Akifa yeyote kati ya hao, unaletewa jeneza la heshima na mkono wa pole. Huo mkono nilipoupigia hesabu niliona unatosha wali wa siku moja, tena kwa waombolezaji wenye adabu ya kutoomba kuongezwa. Mume wangu alishatangulia, na watoto wangu ni wazima wa afya. Niliyekuwa namfikiria ni mama, aliyebaki peke yake kwenye kibanja chetu cha migomba kule Igurwa.

"Mama ana miaka mingapi, mwalimu?"

"Sabini na minne."

Akaacha kuandika. Kwao mzazi mwisho ni miaka sabini. Akanitazama kwa huruma, akatabasamu, akaandika sitini na mitatu.

"Kwani unamjua mama yangu?"

"Simjui, mwalimu. Ila fomu inamtaka hivyo."

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa kalamu ya kijana yule, mama alinizaa akiwa na miaka kumi na mmoja. Nafundisha hisabati, jamani! Niliiona hesabu hiyo imekaa pale wazi, nikatia saini, nikamalizia chai yangu.

Mama nilimpelekea habari njema tu. "Sasa usihangaike," nilimwambia. "Siku yoyote ikifika, kila kitu kipo." Akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nilirudi Nkwenda nimevimba kichwa, najiona mtoto bora kuliko wote wilaya mbili hizi.

Miaka miwili mshahara ukakatwa, nami sikuuliza kitu. Kisha ikaja taarifa kwamba makato yanapanda, na hapo ndipo akili zikanirudia. Nikaenda mpaka ofisi yao ya Kayanga kujua kama nina sababu ya kuendelea. Kijana wa tai hakuwepo, nikaambiwa siku hizi anauza dawa za kuku. Alikuwepo binti mmoja mwenye kucha ndefu, akafungua faili langu bila haraka.

"Siku ya kudai," akasema, "unaleta kitambulisho cha taifa cha marehemu. Miaka isipolingana na ya kwenye fomu, hatulipi."

Nikamwambia kitambulisho cha mama kina umri wake wa kweli.

"Sasa huyu wa kwenye fomu ni mama wa nani?"

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaangua kicheko. Nilitaka kumpasha yule binti, nikakumbuka saini ni yangu. Nikatoka nimefura.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Igurwa. Nilimkuta mama anachambua maharage uani. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa umri, nikamalizia kwa kusema najitoa, hao ni wezi tu wanaovaa tai. Nilitegemea atacheka. Mama akaweka ungo chini.

"Usijitoe, mwanangu."

"Mama, haitalipa hata senti."

"Nakuomba usijitoe. Mimi nilishajitoa kwenye chama."

Chama anachosema ni cha kufa na kuzikana, cha wanawake wa kitongoji chao. Ukifiwa, wanakuja na ndizi, kuni na maji, wanapika mpaka matanga yaishe, na waume zao wanachimba kaburi. Ukiwa si mwenzao, wanakuja kukupa pole, wanakaa pembeni kidogo, wanarudi kwao. Mama alikuwa humo tangu aolewe. Tena hakujitoa kimyakimya. Alisimama katikati ya kikao akatangaza kwamba yeye si wa kuchangiwa ndizi tena, mwanawe mwalimu amemkatia bima.

Waitu! Nikakosa pa kuweka uso.

"Hata jeneza likija," mama akasema, "nani atalibeba?" Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema. "Naogopa."

Sasa niseme ukweli. Ile bima sikuikata kwa ajili ya mama. Niliikata ili siku hiyo nifike na begi langu, nikute kila kitu tayari, nilie, nirudi kazini. Nilikuwa nanunua ruhusa ya kutokuwepo, na nilikuwa naiona rahisi.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa mwenyekiti wa chama, bibi mwembamba ambaye kwa umri ni mdogo kuliko mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu wa bima."

Akaniacha nijieleze mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema mama aliwaaga kwa hotuba, na wengine bado wanaikumbuka neno kwa neno.

"Arudi," akasema. "Lakini magoti yake tunayajua. Kwenye kazi tutakuona wewe."

"Mama, mimi nafundisha Nkwenda, ni mbali."

"Na Jumamosi unafundisha?"

Jumatatu nikaandika barua ya kusitisha bima. Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye msiba wa mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, nimekalishwa mbele ya lundo la ndizi, nimepewa kisu butu kuliko vyote. Nina hakika walinichagulia. Wanawake walimenya huku wakiongea, hata hawaangalii mikono yao, na macho yote yako kwangu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na kila ndizi yangu ilitoka nyembamba kama penseli.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye mkeka, kanyoosha miguu. Akajivuta mpaka karibu, akaokota ganda langu moja, akaligeuza, akaona nyama yote niliyoitupa nalo.

"Menya vizuri," akaninong'oneza. "Hawa ndio watakaonizika."