Baiskeli Iliyobebwa Begani

Makarius wa Majimoto ni mkulima wa mpunga, lakini mavuno yakishaingia ndani hukaa barazani kwake akifufua baiskeli za chuma za zamani. Huzitoa kutu kwa msasa na mafuta ya taa, hunyoosha rimu, halafu hupaka fremu rangi nyeusi inayong'aa mpaka kuku anajiona ndani yake. Ana kasoro moja tu: baiskeli ikipona, hataki kuirudisha. Atazunguka nayo kwanza wiki, wiki mbili, huku mwenye baiskeli akiambiwa kuna kifaa kinasubiriwa kutoka Mpanda.

Nyanzala, mwanamke mfugaji wa Kisukuma anayeishi mwendo wa nusu saa kutoka hapo, alimpelekea baiskeli ya marehemu baba yake, ile ya breki za vyuma. Kwa miaka mingi ilikuwa ya kuanikia nguo tu. Mwezi ukapita. Siku ya mnada, akiwa anachagua kamba za ng'ombe, akaiona inapita, inang'aa, Makarius juu yake na shati la kanisani, mikono ameiachia, anaimba.

Hakumwita. Kesho yake asubuhi akamfuata nyumbani.

"Mtani, baiskeli yangu vipi?"

"Aa, bado gololi, mtani wangu. Mpanda nzima hakuna."

"Kwa hiyo haitembei?"

"Hata hatua moja! Ukiisukuma tu, ekseli inakatika."

"Basi naichukua hivyohivyo. Wifi Fausta," akamgeukia mke wa fundi, aliyekuwa anapepeta mchele, "umesikia mwenyewe. Haitakiwi kusukumwa. Itabidi fundi anibebee."

Fausta akaficha uso nyuma ya ungo. Makarius akatazama baiskeli, akatazama barabara. Kukiri kungekuwa rahisi, lakini ulimi ulishatangulia. Akainama, akaitia begani.

Wakapita katikati ya soko. Nyanzala alikuwa mbele, hana haraka, anasimama kwa kila mtu kuuliza habari za watoto, za mifugo, za mvua. Nyuma yake Makarius anahema, pedeli inamchoma mbavu.

"Fundi!" akaita muuza dagaa. "Siku hizi baiskeli ndiyo inakupanda wewe?"

Walipofika kwa Nyanzala, Makarius akaitua, akajibwaga kivulini kama gunia. Nyanzala akakaza khanga yake, akapanda, akazunguka zizi zima.

"Ekseli haijakatika," alisema.

"Naona," alijibu Makarius.

Akaletewa maziwa ya mgando. Alikunywa, macho hayabanduki kwenye magurudumu, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Breki ya kulia inavuta kidogo. Nipe nizunguke mara moja tu, niisikilize."

Nyanzala alicheka mpaka akakaa chini. Akampa. Mara moja ikawa nne, ng'ombe wakigeuza shingo kumtazama, na kwenye mzunguko wa tano Nyanzala akamzibia njia kwa fimbo ya kuchungia.