Vijiko Vingapi: Sinema Tulizozitazama kwa Nyuma

Uvumilivu wangu uliisha pale maandishi ya uji yalipotokea juu ya shuka na kupotea kabla sijamaliza mstari wa pili. Msemaji wa gari la sinema alikuwa ametangaza katika kipaza sauti kwamba sasa vinakuja vipimo vya uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa, na akina mama wanaojua kusoma wawasomee wenzao. Wanawake wote wa upande wetu wakanigeukia. Mimi ndiye mwenye darasa la kumi. Mama mkwe akanigusa goti. "Haya, soma." Nikasoma herufi mojamoja kama mtoto aliyeanza shule jana, maana zilikuwa zimegeuka, za mwanzo zimekaa mwisho. Nilipolipata neno "vijiko", kabla sijajua ni vingapi, shuka ikawa nyeupe.

"Shule yote ile," akasema mama mkwe. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma.

Gari la sinema la serikali hupita Tunduma wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu. Husimama uwanjani karibu na kizuizi cha mpaka, na ndugu zetu wa ng'ambo huvuka kuja kutazama. Shuka hufungwa kati ya nguzo mbili. Wanaume hukaa upande wa mashine. Sisi wanawake na watoto hukaa upande wa pili, tukitazama picha inayopenya kitambaa. Sheria hiyo hakuileta Mzungu. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Wazee walipoiona shuka ile mara ya kwanza walifurahi, wakasema sinema imekuja na ukuta wake. Sikuwabishia. Baba mkwe wangu namheshimu. Lakini picha ikitazamwa kwa nyuma huwa imepinduka, kulia kumekuwa kushoto, na wazee hawakulijua hilo kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwetu.

Kwa hiyo kwa viangazi viwili wanawake wa hapa tumejua kwamba Wazungu wote husalimiana, hula na hupiga bunduki kwa mkono wa kushoto. Shangazi yangu wa ng'ambo, aliyeolewa kwa Wabemba, alipoona harusi ya kwenye picha, padri akibariki kwa kushoto, alishika mdomo. "Hata padri, mukwai?" akauliza kwa neno la adabu la Kibemba. Nilieleza mara mia kwamba ni shuka inayotudanganya. Wakaniambia mimi ndiye niliyesoma kwa Wazungu, ni lazima niwatetee.

Na bado, sitasema uongo. Niliyoyaona kwa nyuma ya kitambaa kile yalinikata pumzi.

Niliona bahari. Maji makubwa niliyokuwa nayajua ni mto Momba ukifurika. Hii ilikuwa picha ya meli ya kuvua samaki wakubwa kuliko nyumba, na wimbi likainuka, likaendelea kuinuka, hata nikadhani limesahau kuanguka. Lilipoanguka, mwanamke aliyekaa kando yangu alimnyanyua mwanawe kutoka chini asilowe. Hakuna aliyemcheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekunja miguu.

Niliona picha ya wapanda farasi wanaofukuzana jangwani. Jioni ile upepo ulikuwa unavuma, na kila shuka ilipojaa upepo nchi yote ile ilivimba, na farasi wakavimba nayo, kisha wakasinyaa, kama wanaokimbia juu ya kifua cha mtu anayepumua. Wanaume upande wa pili walipiga kelele. Sijui kama yule aliyeitengeneza picha ile alijua kwamba inaweza kupumua.

Kulikuwa na ya bwana mnene na ngazi. Sitaisimulia, ila mama mkwe alicheka mpaka tukamshika asianguke juu ya watoto.

Kisha ile ya mapenzi. Hadithi yenyewe haikuwa kitu, mwanamume aliondoka, mwanamume akarudi. Ila uso wa yule mwanamke ulijaza shuka nzima, mkubwa kama ukuta wa kanisa, na chozi lilipotoka lilikuwa refu kama mkono wangu na lilishuka polepole mpaka kidevuni. Uwanja mzima ulilingoja. Nilikuwa sijawahi kuona uso wa mwanamke ukitazamwa na watu wote kwa muda mrefu namna ile, bila mtu kumwambia ainamishe macho.

Lakini mwaka huu sikwenda kwa ajili ya bahari wala mapenzi. Nilipougua homa maziwa yalikauka, mtoto wangu wa pili akaacha ziwa kabla ya wakati wake. Uji wa mahindi mtupu anautema. Nywele zake zimeanza kuwa nyekundu, miguu inabonyea ukiigusa. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimtazama, akasema dawa yake ni chakula, na namna ya kukipika itaonyeshwa kwenye sinema ya serikali, ningoje. Nikangoja wiki sita.

Basi shuka ilipokuwa nyeupe niliinuka, mtoto mgongoni, nikaizunguka nguzo mpaka mbele.

Nilikuwa nimejaa maneno. Mashine ikanimulika, nikageuka, nikaiona shuka kwa mbele kwa mara ya kwanza. Farasi walikuwa wameanza. Walikuwa weupe, weupe wa chumvi, na kila unywele ulionekana. Yale tuliyokuwa tukitazama sisi yalikuwa moshi wa picha hii. Nilisimama pale nikiwa nimesahau nilichofuata, mpaka msemaji aliponiuliza kwa kipaza sauti, "Mama, umepotea njia?"

"Rudisha uji," nikasema.

"Uji umekwisha, mama. Sasa ni farasi."

"Vijiko vilikuwa vingapi?"

Wanaume wakacheka. Msemaji akasema vimo kwenye picha, yeye hakuvishika. Baba mkwe, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Nikarudi nyuma.

Nyumbani mama mkwe aliniambia nimemvua mzee nguo mbele ya watu. Nilikubali kosa, nikatoa kuku wa kumwomba radhi, kama desturi inavyotaka. Mume wangu, ambaye anajua kusoma na alikuwa mbele, nilimwuliza yeye vijiko vingapi. Akajibu kwamba wakati ule walikuwa wakibishana ni farasi gani atashinda. Sikuzungumza naye siku mbili.

Kuku alipokelewa. Mama mkwe akaja na jibu la mzee, akilitoa kwa uso mkavu: "Amesema uandike huko bomani. Siku ya uji yeye na wenzake watakaa nyuma. Siku ya farasi hapana."

Nikamwandikia Bwana Shauri, afisa wa wilaya, nikaipeleka barua kwa mkono wangu bomani, karani akaigonga muhuri. Ilisema hivi:

Kwa Bwana Shauri. Ninalalamika rasmi juu ya sinema ya chakula cha watoto iliyoonyeshwa Tunduma. Akina mama tuliwekwa nyuma ya shuka, ambako maandishi husomeka kinyume, na msemaji hakuyasoma kwa sauti. Hatukupata vipimo. Naomba gari lirudi kabla ya mvua. Naomba siku hiyo wanawake wakae mbele na wanaume nyuma, ili heshima ya wakwe isivunjwe; wazee wa hapa wamekwisha kubali. Naomba kila neno lisomwe kwa sauti, mara mbili. Ikiwa gari haliwezi kurudi, niandikiwe vipimo hivyo kwenye karatasi juma hili. Mtoto wangu ana miezi kumi na mitano, na miguu yake imevimba.