Fundi Baiskeli na Taarifa za London

Fundi baiskeli, jirani yangu hapa Nyasho, anaijua siasa ya Uingereza kuliko ya Musoma. Kila jioni, taarifa za London zikianza redioni, mikono yake inayonuka solusheni husimama juu ya tairi. "Kule mtu asiye na kazi analishwaga na serikali!" hufoka, utadhani ni debe lake la mahindi linalochotwa. "Polisi nao wamekuwa wapole kwa wezi. Nchi ataipenda nani, kama watu wamekaa tu?" Kisha hutema mate pembeni na kuendelea kuziba pancha.

Juzi alinikaribisha chakula, redio ikisema chinichini. Shemeji yake, aliyepunguzwa kazi kiwandani mwaka juzi na tangu hapo anaishi kwake, alikuwa nje akinawa. Fundi akamwekea kipande cha tumbo cha samaki sato, mwenyewe akajibakizia mkia. Nikamtania, "Na huyu je, fundi, si unamlisha?" Hakucheka. Alichungulia mlangoni, akaongeza sauti ya redio, ndipo akaniinamia.

"Nyamaza, ndugu yangu. Huyo halishwi. Huyo yuko kwao."