Maneno ya Mzee wa Mlangoni

Saluni ya Tabita iko Majengo, Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Wanawake walimfuata kwa sababu ya mkono wake mwepesi, usioumiza kichwa, lakini zaidi kwa sababu ya anime. Runinga ilikuwa ukutani, na yeye alizisimulia hizo katuni za Kijapani huku anasuka. Wahusika wanaongea Kijapani, chini yanapita maandishi ya Kiingereza, Tabita anayageuza kuwa Kiswahili bila kukwama.

Kumbe Kiingereza hakijui. Aliachia shule njiani kule Chitete, mama yake alipougua. Mwanzoni alikuwa anabahatisha tu: anaangalia nani analia, nani anakimbia, nani kainamisha kichwa, kisha anawapa maneno. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye wakaanza kumwita mwalimu, naye akaitika.

Masika ya mwaka huu ulifika msimu mpya wa ile katuni wanayoiita Binti Mhunzi. Kijana wa kibanda cha filamu alipomjazia flashi, habari zilienea, saluni ikajaa. Kwenye kiti alikaa Irene, muuza mitumba, rasta zimefika nusu ya kichwa.

"Safari hii wamechora kweli," alisema Witness, aliyekuwa anasubiri zamu yake. "Ona theluji hiyo, mpaka mimi nasikia baridi."

"Ila mbona hawapigani?" akauliza mwingine. "Msimu uliopita tulianza na vita. Huu tunaanza na maongezi!"

"Na huyu mzee ni nani? Tabita, tuambie."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, theluji imemjaa mabegani. Binti Mhunzi alishusha nyundo, akamkazia macho. Mzee aliongea muda mrefu, na uso wake haukuonyesha kitu. Tabita alitaka kusema ni mteja, kaleta upanga unolewe. Lakini alipoinua macho kwenye kioo alimwona Irene anajifuta machozi kwa kitambaa alichofungwa shingoni.

Alijua kwa nini. Baba yake Irene alikwenda Mkwajuni kwenye machimbo ya dhahabu Irene akiwa bado mtoto, akaoa hukohuko, hakurudi.

"Ni baba yake," Tabita akasema. "Anamwambia, mwanangu, niliondoka kwa aibu, sikuondoka kwa kukuchoka. Kurudi nilitaka, ila sikujua nianzie wapi."



"Amesema hivyo?" Irene akauliza.

"Hivyo hivyo."

Wiki ileile Irene alifunga meza yake ya mitumba, akapanda gari la Mkwajuni.

Akiwa bado huko, Loisi alikuja saluni. Ni binti wa shangazi yake Tabita, kazaliwa na kusomea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanakosoma kwa Kiingereza. Witness alikuwa ameomba warudie ile sehemu ya mzee, na Tabita akaisimulia kama mwanzo. Loisi akacheka.

"Dada, unawaambia nini hawa? Huyo si baba yake. Anasema karakana ni yake, aliachiwa na kaka yake, kwa hiyo binti atoke kabla giza halijaingia."

"Maandishi yenyewe huwa yanakosewa," Tabita alisema.

Loisi hakuwa na nia mbaya. Aliendelea tu kuyasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akiyageuza kuwa Kiswahili.

"Kwa hiyo na msimu uliopita?" Witness akauliza. "Yule aliyekufa kwa ajili ya mdogo wake?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwalimu wewe! Umetulisha uongo miaka yote hii!" Kama wangemkasirikia, Tabita angepata la kujitetea. Alisuka kichwa kimoja chote bila kumtazama mtu, na jina lililomzunguka akilini lilikuwa la Irene.

Irene alirudi asubuhi moja, saluni haina mtu. Alikaa kitini.

"Nifumue."

"Mdogo wangu, rasta bado mpya hizi."

"Nifumue, dada."

Tabita akaanza kufumua. Irene aliongea akiangalia mbele.

"Walinipokea vizuri. Mkewe alinipikia kuku. Nikamwambia, baba, najua uliondoka kwa aibu, hukuondoka kwa kunichoka. Akaniangalia. Akasema, aibu ya nini? Akaniuliza nani kanifundisha maneno hayo. Nikamwambia nimeyasikia kwenye katuni. Wanawe wakacheka, na yeye akacheka."

Tabita aliweka kitana chini. "Yule mzee hakuyasema," alisema. "Niliyatunga mimi."

"Najua. Witness kaniambia nilivyoshuka stendi."

"Nilikuona unalia."

"Ungeniacha nilie," Irene akasema. "Nilikuwa nalia zangu tu. Wewe ndiye uliyenipa safari."

Tabita alitaka kusema samahani, lakini neno hilo nalo lilionekana kama la kutungwa. Alifumua mpaka mwisho. Irene alijifunga kilemba, akatoka bila kuaga.

Siku hizi Irene anasukwa kwingine. Wakikutana sokoni husalimiana, "Za kazi, dada?" "Nzuri," na kila mmoja anaendelea na njia yake.

Saluni bado ina wateja. Wengine humbembeleza, "Tusimulie tu, hata kwa kutunga, sisi tunapenda." Yeye huwawekea kwaya za injili. Wakizidi kuomba Binti Mhunzi huwaambia flashi imeharibika. Flashi ni nzima, ipo kwenye droo ya vitana. Akishasema hivyo masikio yake hupata moto, na huinama karibu zaidi na kichwa anachosuka.