Maji ya Gurudumu

Wakati ule wa Waingereza mume wangu alikuwa anatengeneza magari ya ng'ombe pale Tororo, ya kubeba pamba ya wakulima wa Nabuyoga. Mkanda wa chuma unachomwa mpaka unakuwa mwekundu, unavishwa gurudumu la mti, halafu mwanamke wa nyumba anasema bismillahi na kumwaga maji. Chuma kinapoa, kinabana. Miaka yote ndoo ile nilishika mimi. Nilikuwa nimepita arobaini alipooa mke wa pili kutoka Busia, akampa yeye ndoo.

Niliswali, nikamwomba Mungu aniondolee wivu. Wivu ukakaa.

Jioni nilikuwa nakwenda darasa la akina mama. Mwalimu alitufundisha hesabu ya chuma kinavyotanuka kwa moto, nikamuuliza habari ya mkanda. Akachora. Chuma kinapogusa mti, joto linahamia kwenye mti. Penye nafasi, joto linabaki kwenye chuma. Lakini chuma kikipoa kinasogea, pa kugusa panabadilika, na joto nalo linabadilisha njia. Hesabu inazunguka kama gurudumu lenyewe. Akasema nikisie kwanza, nipige hesabu, nirekebishe, nirudie. Nikarudia kwa chaki kwenye ukuta wa jiko langu mpaka nikaona: maji yaanzie pasipo moshi, maana pale chuma bado hakijagusa mti.

Siku ya kuvisha mkanda nikamwambia mke mwenzangu. Akacheka mbele ya watu.

"Dada mkubwa, kwani moto nao umesoma?"

Akamwaga penye moshi. Upande ule ukabana, wa pili ukabaki wazi. Mume wangu akaingiza kidole kwenye ule uwazi. Akavua mkanda, akauchoma upya, akanipa mimi ndoo. Nikaanzia pasipo moshi. Alipogonga na nyundo, mlio ulikuwa mmoja mzunguko wote.

Nikajua ndoo yangu imerudi. Nikapika vizuri siku hiyo.

Tukiwa tunakula akasema, "Mama watoto, mfundishe na mwenzako hiyo hesabu. Nataka kumfungulia karakana kule Busia."

Nikarudisha tonge sahanini, nikaitikia, "Haya." Kumbe nimepiga hesabu ya kumjengea yeye.

Nilimfundisha, kwa sababu nilikuwa nimeitikia, na Mungu alisikia. Alikaa jikoni kwangu, akashika haraka, na hilo nalo likaniuma. Akanyoosha mkono kuomba chaki, ajaribu mwenyewe.

"Tazama tu," nikamwambia, nikaendelea kuandika.