Siku Niliyotoa Bavet za Pikapu

"Na ikinasa, nani atasukuma?"

Tantine Vumilia, shangazi yetu, aliniuliza hivyo akiwa amesimama katika ua wetu wa mtaa wa Lumumba, Bunia, mkono kiunoni, akiitazama mipira mipya ya magurudumu ya pikapu ya Papa, na mimi, ambaye wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu, nikacheka tu na kumwambia, "Tantine, haitanasa." Naona haya hata leo nikikumbuka kicheko kile. Rafiki zangu hunitaka nisimulie kila mvua inapoanza kunyesha, na kila mara nasema sitaki, kisha nasimulia, basi afadhali niandike mara moja niwe nimemaliza.

Kwanza mjue kwa nini kazi ya kuchagua mipira ya gari ilinifikia mimi. Kaka yangu Kambale alitaka kumwoa Furaha, binti wa familia iliyokaa juu ya kilima, ukiacha barabara kubwa kabla hujafika Nizi. Mara ya kwanza tulipopeleka mahari, pikapu (nyumbani tunaiita Muzee, kwa sababu asubuhi inakohoa na haipendi kuharakishwa) ilikuwa na mipira iliyolika mpaka ikang'aa kama upara, ikanasa kwenye shimo la tope chini ya kilima hicho, mvua ikatufungia pale mpaka jua likazama, na mahari haiingii kwa wakwe gizani, kwa hiyo tukarudi Bunia na mbuzi wetu, ambao njiani walikuwa wamekula nusu ya ndizi tulizowabebea wakwe. Sisi tuliita jambo hilo ajali. Wakwe waliliita dharau. Wakatutumia neno kwamba watatungoja mara moja tena, na tusipofika watajua kuwa binti yao hatumtaki, na mlango utafungwa. Kambale alikonda wiki ile.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya fizikia, sina kazi, nina maswali. Nani alipanga kwamba mwanamke anaombwa kwa mbuzi? Furaha mwenyewe ameulizwa? Msemaji wa familia analipwa na nani? Niliuliza asubuhi, niliuliza mezani, nikauliza hata katikati ya sala ya jioni, mpaka Papa akaweka kijiko chini.

"Masika, weye unapendaka kuuliza. Muzuri. Kesho wende uulize mapira. Mahari, utuachie siye."

Nilijua wananiondoa njiani, lakini nilikubali, na niliifanya kazi ile kama vile nilikuwa natetea diploma upya. Nilisoma kwenye simu mpaka ikazimika, nikajua mipira ya lami peke yake, mipira ya katikati inayoweza lami na udongo na mzigo, na mipira ya tope yenye meno makubwa kama majembe. Nilijifunza kusoma zile herufi na tarakimu za ubavuni, uzito unaobebwa, mwendo unaoruhusiwa, na nikaanza kuinama kando ya magari ya watu mjini kusoma mipira yao (askari mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu).

Muuzaji alikuwa Mzee Paluku, mtu wa Butembo kama sisi, mwenye duka lililojaa mipira mpaka mlango haufungiki. Alinionyesha ile ya katikati.

"Hii, binti yangu. Ku goudron, ile lami, inatembea, ku udongo inatembea, muzigo inabeba. Haina makelele."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

"Weye ni muuzaji, utasemaka nini ingine?"

Akacheka. Tena ile aliyonionyesha ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile yenye majembe, na mimi kwa akili yangu ya kutoamini mtu nikajiambia kwamba muuzaji anayekusukumia kitu cha bei ndogo ana jambo analificha, bila shaka ile mikubwa amemwekea mteja mwingine, basi nikataka hiyo hiyo. Ilikuwa mipana, mieusi, mizuri ajabu. Walipoifunga kwenye Muzee ikatokeza nje ya mbavu za gari kama mtu aliyevaa viatu vya babake, na tulipoizungusha, ya nyuma ikawa inakwaruza bavet, yaani vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo ningeweza kusema, haya, Mzee Paluku, turudi kwa ile ya katikati. Nilisema, "Toa bavet."

"Bavet iko na kazi yake, binti yangu. Inakingaka mutu wa nyuma."

"Mutu wa nyuma abakie mbali."

Neno hilo nilikuja kulikumbuka vizuri sana.

Siku ya siku, wamama wa familia walitoka wamevaa sare: libaya, yaani blauzi, nyeupe mpya na kikwembe cha kitenge cha bluu. Nyeupe lilikuwa wazo la Tantine, ili wakwe waone kwamba safari hii tuko watu wa maana. Walipanda nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi, magunia na kreti za soda, wakaketi juu ya mkeka, na kwa kuwa mgongo wa Papa ulikuwa unamsumbua, usukani nikashika mimi. Tulitoka Bunia wakiimba. Mipira ilikuwa inanguruma kwenye lami kama nyuki waliofungiwa ndani ya ngoma, watu wanageuka kututazama, na mimi nilikuwa nimeweka kiwiko dirishani, naona fahari. (Katika kumbukumbu yangu saa ile haiishi: vilima vya kijani, wamama nyuma yangu wanashika sauti ya pili, Kambale ndani ya suti anapigapiga magoti yake, Papa anajifanya hasikii mngurumo. Njia ilikuwa salama wakati ule. Hatukujua kwamba hicho ni kitu cha kukumbukwa.)

Tukafika kwenye shimo. Usiku mvua ilikuwa haba, lakini shimo lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, jekundu, linangoja. Nikapunguza gia, nikaingia kwa matumaini yote ya sayansi, na Muzee ikaenda, ikaenda, ikakaa.

Kilichotokea ni hiki: udongo wa pale unanata kama ugali, ukajaa katikati ya yale meno, na mipira yangu ya majembe ikawa laini kama mikate minne. Nikatoa kichwa nje na kueleza kwamba hii inajulikana, dawa yake ni kuzungusha magurudumu kwa nguvu ili meno yajisafishe.

"Masika," Tantine akaita kutoka nyuma, "nilikuuliza nani atasukuma."

Hakukuwa na mtu mwingine njiani. Papa akashuka kuongoza, Kambale akavua koti akanirushia, na wamama wakakunja vikwembe, wakashuka mmoja mmoja kwenye majani, wakaweka mikono yao kwenye mlango wa nyuma wa Muzee. Nyuma ya magurudumu kabisa. Mtu anayesukuma gari hasimami mahali pengine, na mimi katika kusoma kwangu kote sikuwa nimejiuliza anasimama wapi.

"Moja, mbili, kanyaga!" Papa akasema.

Nikakanyaga. Mipira ikajisafisha, tena vizuri, kama nilivyosoma. Mimi niliyefundishwa kwamba kitu kilichoshikwa na gurudumu kikiachiliwa kinaruka moja kwa moja kufuata mwendo wake, niliona sheria hiyo katika kioo: ukuta mwekundu ukainuka pande zote mbili, hakuna bavet ya kuukinga, ukawafunika wamama wa familia yangu kuanzia kilemba, wimbo ukakatika katikati ya neno, na wakati huo huo Muzee ikapata ardhi ngumu, ikaruka kama mbuzi, ikatoka.

Sasa nisimame? Nikisimama kwenye ule mpando nitarudi shimoni kinyumenyume. Sikusimama. Nikasikia Papa anapiga kelele, nikapunga mkono, nikapanda kilima.

Yeyote aliyewahi kupeleka mahari anajua kwamba familia ya bwana haiingii hivi hivi. Inashuka mbali, inakuja kwa miguu ikiimba, inasimama mlangoni, inazuiwa, inabembeleza, inafunguliwa. Wakwe walikuwa wamejenga mlango wa matawi ya mitende na maua, na vijana wao, kaka zake Furaha, walikuwa wamejipanga kando yake na kravate (tai) zao shingoni. Nilipofika juu majani yalikuwa yamelowa, nikashika breki, na ile mipira ambayo ilikuwa imejipaka tope upya ikateleza taratibu, taratibu kabisa, wakati wote nikiwa na nafasi ya kutazama kila uso, tukapita katikati ya mlango wa mitende tukaenda nao mpaka karibu na meza ya wazee. Kisha mbuzi mmoja akaruka chini, akaanza kula maua.

Msemaji wa wakwe, mzee mwembamba mwenye fimbo, alisimama. Alinitazama mimi, akatazama nyuma ya gari, akanitazama tena.

"Siye tulialika bakwe. Munatutumia shofere na mbuzi?"

"Wanakuja, muzee."

"Beko wapi?"

"Nyuma."

"Na bwana?"

Nikainua koti la Kambale, kama ushahidi. Mzee akaketi. Nilisikia mtu akisema mara ya pili hii, basi, imeisha, na nikamwona Furaha dirishani, kiganja mdomoni, na wakati ule sikujua kama analia. Maswali yote niliyowahi kuuliza juu ya mahari yaliondoka kichwani mwangu, likabaki moja tu, nitamwambia nini kaka yangu.

Ndipo tukasikia wimbo. Ulikuwa unapanda kilima, sauti ya kwanza na ya pili, na mbele alikuwa Tantine Vumilia, mwekundu kutoka kilemba mpaka nyayo, macho meupe tu, nyuma yake wamama wote rangi moja kama vyungu ambavyo havijachomwa, na Kambale, na Papa, wanaimba, wanacheza, hatua kwa hatua, kama watu waliopanga kuja hivyo. Walisimama mahali mlango ulipokuwa. Tantine akabisha hodi hewani.

Mama yake Furaha ndiye aliyeshindwa kwanza. Alianza kucheka kwa bega, kisha kwa mwili mzima, akaingia ndani akatoka na beseni la maji, na wamama wa kwake wakamfuata na sabuni na ndoo. Wakawaosha wetu nyuma ya jiko kwa kelele zisizosemeka, na kwa kuwa sare yetu ilikuwa imekufa, wakafungua masanduku yao wakawavika vikwembe vyao, vya manjano, vya maua, vya sikukuu.

Mazungumzo ya mahari yakaharibika kabisa. Msemaji alitaka kututoza amende, yaani faini, ya kuchelewa na nyingine ya mlango, akamnyooshea fimbo mama mmoja aliyevaa manjano: "Na weye, mama wa upande wetu, juu ya nini unachekelea bageni?"

"Mimi ni tantine ya bwana," Tantine akajibu.

"Basi amende!"

"Amende kwa kikwembe ya nani?"

Hata wazee walicheka. Baada ya hapo hakuna aliyejua nani yuko upande gani, na Furaha alikubaliwa kabla ya chakula kupoa. Kwenye picha za siku ile mpaka leo huwezi kuonyesha wakwe kwa kidole. Tantine alinipitia mara moja tu, akanong'ona, "Mutu wa nyuma abakie mbali, eh?" (Mzee Paluku alikuwa amemsimulia), akaendelea kucheza.

Vile vikwembe Mama alivifua, akavikunja, akasema tutarudisha. Hatukurudisha. Njia ile ikawa mbaya kwa ajili ya watu wenye bunduki, kisha ikawa haipitiki, na asubuhi moja wazazi wa Furaha na kaka zake wakafika kwetu Lumumba kwa miguu, na nguo walizovaa tu. Mama aliingia chumbani, akatoka na vikwembe, kimoja kimoja, na mama yake Furaha akavipokea, akavinusa.

Wanakaa nasi bado. Papa alishaweka mipira ya katikati, ile ya Mzee Paluku, na bavet mpya zinazokaribia kugusa ardhi, na mimi nimeapa kwamba sitachagua tena kitu chochote cha gari kabla sijaenda kusimama nyuma yake. Mpira mmoja wa majembe uko uani, mtoto wa Furaha anaketi ndani yake kula mahindi. Juu ya mahari bado nauliza.

Juzi mvua ilikuwa inanyesha, nikasimulia tena kisa hiki, nikafika kwenye shimo, na Ngabu, wa mwisho kati ya kaka zake Furaha, akainamisha kichwa. Nikadhani anakumbuka nyumbani. Alikuwa anakumbuka, lakini alikuwa anacheka pia.

"Ya Masika, dada yangu, ile shimo ilikuwa kazi yetu."

Wao ndio waliolichimba. Walilitunza miaka, wakalitilia maji ya kijito kila alfajiri, na magari yakinasa wao ndio waliokuwa wanasukuma, kwa malipo. Mara zote mbili tulizonasa, hapakuwa na mtu wa kusukuma kwa sababu wasukumaji wote walikuwa juu kilimani, wamenyooka kando ya mlango wa mitende, wakitungoja sisi. Na asubuhi ya ile siku ya pili, ni Ngabu mwenyewe aliyeshuka na ndoo, kwa mazoea tu, akalijaza shimo mpaka ukingoni, kisha akapanda kwenda kuvaa kravate.