Khanga Ndani ya Pamba

Nakumbuka siku moja ya kuuza pamba, mwanangu, na hadi leo nikiifikiria nainamisha uso. Nilikuwa kijana mwenye kifua, nalima hapa Shishiyu, watu wakiniita Ngosha, yaani mwanaume kweli kweli. Nililipenda jina hilo kuliko chakula.

Mwaka huo mke wangu, Minza, alifariki mwanzoni mwa mavuno. Tulipomaliza kuzika nikatangaza kwamba niko sawa. Nzengo, wale majirani wa kitongoji ambao kwetu ndio hukaa na wafiwa, walikuja na kuni na unga ili wabaki nasi. Niliwashukuru kwa ukavu, nikawaambia waende wakavune pamba yao. Mwanaume gani anachungwa kama ndama? Nyumbani nikakataza jina la Minza lisitajwe. Nguo zake nikazifunga, nikampa dada yake aondoke nazo. Binti yetu Kabula, ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, alinitazama tu.

Usingizi ukanikimbia. Kula nikawa nasahau. Nilivuna tangu umande hadi giza, na aliyenisalimia "Mwangaluka" nilimjibu kama mtu aliyenikosea. Kabula naye akaacha kucheza, akawa anashinda kwenye chumba cha pamba, amejilaza juu ya rundo. Nikamwita mvivu. Mtoto aliyefiwa na mama yake, nikamwita mvivu.

Siku ya mzani ikafika. Unajua pale wanavyokagua, maana wapo wanaotia maji na mchanga ili pamba iongezeke uzito. Karani akazamisha mkono kwenye gunia langu, akachomoa khanga. Watu wakaangua kicheko. "Kumbe Ngosha siku hizi anauza na nguo!" akasema mmoja. Niliitambua palepale. Ilikuwa ya Minza, aliyombebea Kabula mgongoni. Nikamgeukia mtoto, nikamwinulia mkono mbele ya watu wote.

"Unataka baba yako aitwe mwizi?"

Kabula hakukimbia. "Inanukia mama," akasema kwa sauti ndogo. "Niliificha usije ukaitoa na hii."

Kicheko kikakatika. Mkono wangu ukabaki juu, sijui niupeleke wapi. Shangazi yangu Holo, aliyekuwa na pamba yake kwenye foleni, ndiye aliyekuja kuushusha. "Ng'wanawane," akaniambia, mwanangu kwa Kisukuma, "mtoto analia ndani ya pamba kwa sababu nyumbani umemkataza. Na wewe je, unalilia wapi?"

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia, Ngosha mzima, kamasi zinanitoka. Waliokuwepo walidhani naona aibu kwa sababu ya machozi. Mimi nilikuwa namwonea aibu yule mtoto, aliyeniogopa mimi hata akaenda kumficha mama yake kwenye gunia.

Shangazi aliwarudisha nzengo. Wakakaa nasi, wakamtaja Minza, wakasimulia alivyokuwa akiimba vibaya kanisani bila kujali, na Kabula akacheka hadi mapengo yakaonekana. Usingizi ulipokataa kurudi, Shangazi akanipeleka zahanati. Nilikwenda nikinung'unika kwamba mimi si mwendawazimu. Mganga hakubishana nami, alinisikiliza, akaniambia nirudi tena, nami nikarudi. Polepole nikaanza kulala.

Sasa nasikia umemzika mama yako, ukarudi haraka kazini Bariadi mjini, na kila anayekupigia unamjibu uko fresh. Mimi pia nilikuwa fresh, mwanangu. Lia. Mtaje mama yako mezani, mbele ya wanao. Watu wakija kukaa nawe, wafungulie mlango hata kama huna la kuwaambia. Kula, hata kidogo. Na ukiona siku zinapita hulali, au unawafokea wasio na kosa, au kuishi kwenyewe kunakuchosha, usingoje: mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo, muende wote hospitali. Nilimwambia hivi Kabula pia alipokua, nikamwomba radhi, akanisamehe, ingawa mkono ule bado ananikumbusha akitaka kunitania.

Mungu akurudishie usingizi wako. Akupe mtu wa kukaa karibu nawe bila haraka. Na wanao wasiogope kukulilia kifuani.